Fangasi wa kinena: nikipaka dawa wanapotea, nikiacha wanarudi wengi zaidi

Fundi Vigae (Nkuhungu)

Mbukwenyi wakuu.

Naombeni msaada kwa mwenye uelewa, na tafadhali tusitaniane sana maana sehemu yenyewe ni ya aibu.

Mimi ni fundi wa kuweka vigae, kwa sasa nipo saiti kule Mtumba. Mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha nilitokewa na duara kwenye kinena, upande wa paja la kulia, ukubwa wa sarafu ya mia mbili. Linawasha nikitoka jasho, na usiku nikishavua suruali ndiyo balaa, najikuna mpaka mke wangu anahamia upande wa pili wa kitanda. Nikaenda duka la dawa la mtaani, dada akanipa tyubu, akasema hii inatibu fangasi, bakteria na aleji, yote humo humo. Kweli, siku ya pili muwasho ukakata na ngozi ikalainika. Nikaacha. Haukupita muda likarudi, safari hii limepanda hadi kwenye mstari wa mkanda. Nikanunua tyubu nyingine, mambo yakawa yale yale. Sasa hivi hata duara lenyewe halieleweki, limesambaa tu, katikati kuna vipele vidogo vidogo, na pale pajani ngozi imekuwa nyembamba na ina michirizi.

La pili, mwanangu wa darasa la kwanza ana mapunye. Nywele zimekatika kwa viraka na kuna magamba meupe. Tumempaka tyubu hiyo hiyo, wapi. Bibi yake yuko Bahi, kila akipiga simu anasisitiza tumpake maji ya betri, eti ndiyo yaliyotuponya sisi. Mama yake hataki hata kusikia.

Huu ni ugonjwa mmoja? Ni mimi nimemletea mtoto? Na kwa nini dawa inakubali halafu inakataa?

Zabibu Kali

Pole mkuu. Kitunguu saumu. Twanga, paka, vumilia. Utapiga kelele ila fangasi watahama mkoa.

Abiria wa Kondoa

Fundi, huyo msome upite. Jirani yangu alipaka kitunguu saumu akafunga na nailoni usiku kucha, asubuhi mguu una malengelenge. Akawa na magonjwa mawili badala ya moja.

Bi Tabibu

Fundi, pole. Nijitambulishe kwanza ujue unayeongea naye: mimi si daktari bingwa. Ni tabibu niliyekwenda kuongeza masomo ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi, kwenye kile kituo ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Sasa nipo kituo cha afya kimoja hapa hapa Dodoma. Hadithi yako naisikia karibu kila siku ya kliniki. Nikiona mwanaume anaingia anatembea ametanua miguu, najua tyubu iko mfukoni.

Hiyo tyubu itoe uisome ubavuni, yale maandishi madogo. Nina hakika utakuta majina matatu. Moja ni dawa ya fangasi, mara nyingi klotrimazoli au mikonazoli. La pili ni ya bakteria, gentamisini au neomisini. La tatu ndilo lenye kesi: betamethasoni au klobetasoli. Hiyo ni steroidi.

Sasa sikiliza. Ule muwasho, ule ukingo ulioinuka, ni mwili wako unapambana na fangasi. Steroidi inauzuia mwili usipambane. Wewe unapata nafuu, fangasi anapata nafasi. Siku ya pili unasema nimepona, unaacha, na dawa ya fangasi iliyokuwemo humo hata haijaanza kazi ya maana, maana hiyo inahitaji wiki mbili mpaka nne, asubuhi na jioni. Steroidi ikiisha mwilini, mwili unaamka na kukuta mgeni ameshahamia mpaka kiunoni. Na ndiyo maana duara limepoteza umbo lake. Choa, yaani fangasi huyo wa duara, kilichopakwa steroidi kinaweza kufanana na karibu kila ugonjwa wa ngozi, hata sisi kinatupa taabu.

Michirizi na ngozi nyembamba ni steroidi hiyo hiyo. Kinena, kwapa na uso ni sehemu zenye ngozi laini, zinainyonya haraka. Nikwambie ukweli: ukiacha sasa ngozi itapata unene wake kidogo kidogo, lakini michirizi haitafutika yote.

Kwa hiyo acha hiyo tyubu leo. Muwasho utaongezeka kwa siku kadhaa, nakuonya mapema usije ukakimbilia dukani tena. Nunua klotrimazoli tupu, ya asilimia 1, isiyochanganywa na kitu. Mwambie muuzaji "isiyo na steroidi", na akikwambia hii yenye mchanganyiko ndiyo kali zaidi, msikilize kwa adabu halafu urudie ulichosema. Osha, kausha vizuri, paka kupita ukingo wa ugonjwa kwa upana wa kidole kimoja au viwili, kwa sababu fangasi wa mbele kabisa hawajaonekana bado. Endelea wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Ipo pia terbinafini ya kupaka, hiyo huchukua muda mfupi zaidi ila bei yake imechangamka.

Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, kwamba umekula tyubu kadhaa na ugonjwa umepanda hadi kiunoni, mimi nisingekupa ya kupaka peke yake kabla ya kukuona. Huenda ukahitaji vidonge. Nenda upimwe, na upimaji wenyewe si wa kuogopa: tunakwangua magamba ya pembeni mwa ugonjwa kwa makali ya wembe, bila kutoa damu, tunaweka kwenye kioo na tone la potasiamu haidroksidi, halafu tunaangalia kwa hadubini. Fangasi wanaonekana kama nyuzi zenye matawi. Omba kipimo cha fangasi cha kukwangua ngozi, usikubali kupewa vidonge kwa kutazamwa kwa mbali. Na kama utaandikiwa vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya ngozi, uliza kama hakuna kingine. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilivibana kwa sababu ya madhara kwenye ini. Ya kupaka na ya kuoshea haina neno, nasemea ya kumeza.

Kingine, mtu ambaye fangasi wanamrudia rudia apime na sukari, na akubali kipimo cha VVU. Sisemi unavyo. Nasema tunapima.

Tuje kwa mtoto. Hapa baba, mama na bibi wote mnabishana kuhusu kitu cha kupaka, na mapunye hayaponi kwa kupaka. Fangasi yumo ndani ya unywele wenyewe na kwenye shina lake, krimu haifiki huko. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Iliyozoeleka ni griseofulvini, miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, kwa hiyo lazima apimwe uzito, usimkatie tu kidonge cha mtu mzima. Anameza wiki sita hadi nane, wengine zaidi. Wengi wanashindwa hapo, maana ikifika wiki ya tatu nywele zinaanza kuota na mzazi anaona amemaliza.

Dawa hiyo inataka mafuta ili mwili uipokee. Mpeni baada ya maziwa, au baada ya ugali na mlenda wa karanga. Hilo kwa Mgogo si tatizo. Msimpe tumbo likiwa tupu na chai ya rangi.

Hakuna haja ya kumtoa shule akishaanza dawa. Kofia, taulo na kitana ziwe zake. Watoto wengine wa nyumbani wakaguliwe kichwani mchana kwenye mwanga, na shampuu ya ketokonazoli inaweza kupunguza vijidudu vinavyodondoka kwa wenzake, ila yenyewe haiponyi. Kwa kinyozi, mashine ipigwe brashi nywele zote zitoke ndipo ifutwe kwa spiriti. Kupuliza juu juu huku nywele za mteja aliyepita zimeganda kwenye meno ya mashine ni mchezo wa kuigiza.

Kwamba umemletea wewe? Sidhani. Fangasi wa kichwani kwa watoto kwa kawaida si yule wa kinena cha mtu mzima, na mtoto huyapata kwa watoto wenzake.

Maji ya betri ni asidi ya salfuriki. Inaunguza ngozi, na ikiunguza mzizi wa nywele pale pataota kovu lisilo na nywele maisha yote. Bibi msimlaumu, ameona kwa macho yake watoto wakipona. Watoto wengi mapunye huwaacha wenyewe wakikaribia kubalehe, sasa aliyepakwa maji ya betri mwaka huo, sifa zikaenda kwa betri. Mpigie mwambie mtoto ameanza vidonge vya hospitali, atafurahi.

Jambo la mwisho kwa mtoto: kichwa kikivimba sehemu moja, kikawa laini, kinatoa usaha na nywele zinang'oka zenyewe, watu watakwambia ni jipu, kapasueni. Msipasue. Hayo bado ni mapunye, ni mwili umekasirika. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Fundi Vigae (Nkuhungu)

Dokta, nimesoma mara mbili. Nimeitoa tyubu: klotrimazoli, gentamisini, betamethasoni. Kama ulikuwa dukani vile.

Ila saiti kuoga ni shida, maji ya huku Dodoma unayajua. Je, ni uchafu ndio umeniletea?

Bi Tabibu

Mimi si dokta, nimeshasema, lakini haya.

Si uchafu. Ni unyevu. Fangasi anapenda joto, jasho na nguo iliyobana. Kwa mgao wa maji wa hapa, ndoo ndogo ukaoga haraka halafu ukajikausha sawasawa ni bora kuliko kuoga mara tatu na kuvaa nguo ya ndani ngozi ikiwa mbichi. Sabuni za kuua vijidudu, zile kali, zinakukausha tu na kukuongezea muwasho. Nguo za ndani ziwe za pamba, zifuliwe, zianikwe juani kabisa. Watu wengi wanaona haya kuanika chupi kwenye kamba ya nje, wanazianika nyuma ya mlango zinakaa na unyevu. Jua la Dodoma ni la bure, litumie. Na pasi zipigwe.

Sasa mimi nina swali: saiti unavaa nini miguuni? Na ukitanua vidole vya mguu, cha nne na cha tano, katikati unaona nini?

Fundi Vigae (Nkuhungu)

Nashinda na gambuti kwa sababu ya maji ya saruji. Nimeangalia. Mguu wa kushoto katikati ya vidole ngozi ni nyeupe, inabanduka, imepasuka kidogo. Hiyo ninayo miaka. Nilidhani ni saruji.

Bi Tabibu

Basi kinena kimetoka hapo. Mwanaume mzima akija na fangasi wa kinena, mimi namvua viatu kwanza. Asubuhi unavuta chupi kupitia miguuni, inakwangua vidole, inapanda na fangasi hadi juu. Ukitibu kinena ukaacha miguu, utakuwa mteja wa duka hilo mpaka uzeeni.

Paka na katikati ya vidole, miguu yote miwili hata kama mmoja ni mzima. Taulo ya miguu iwe mbali na ya mwili. Na asubuhi vaa soksi kabla ya chupi. Mkeo atakucheka, mwache acheke. Gambuti zivue mchana wakati wa kula, zigeuze juani, na kama unaweza kuwa na jozi mbili ukazibadilisha, bora zaidi. Saruji yenyewe inaweza kuunguza ngozi au kuleta aleji, hukukosea kuifikiria, ila hiyo ingekushika juu ya mguu na mikononi pia, si kujificha kati ya vidole viwili. Ukienda kupimwa wakwangue na huko.

Mfugaji wa Kongwa

Shikamoo mama tabibu. Na mimi nidandie hapa hapa. Nina ndama wana viraka vyeupe vya magamba kuzunguka macho na shingoni, manyoya yamedondoka. Sasa kijana anayewashika wakati wa kukamua ametokewa na kitu mkononi, karibu na kiwiko, kimevimba, kina usaha, kinauma kuliko kuwasha. Zahanati wamempa amoksilini haijasaidia. Vinahusiana?

Bi Tabibu

Marahaba mwanangu. Vinahusiana sana, na ni vizuri umewataja ndama maana zahanati bila shaka hawakuambiwa. Hicho ni choa cha ng'ombe. Kikimpata mtu kinakuja kwa hasira kwa sababu mwili wa binadamu haujakizoea, ndiyo maana kina uvimbe na usaha na watu wanafikiri ni jipu. Amoksilini haiui fangasi. Arudi aseme neno "ndama" mara tu anapokaa, akwanguliwe, na kwa kilivyo kikali huenda akahitaji vidonge vya terbinafini au griseofulvini. Kama atapewa griseofulvini, wanaume huambiwa wasitungishe mimba mpaka miezi sita ipite baada ya kumaliza dawa, na mjamzito haitumii kabisa. Inapunguza pia nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Hayo watu hawaambiwi.

Ndama kwa kawaida wanapona wenyewe ndani ya miezi michache, wakipata jua na wasipobanana bandani, lakini kwa hilo muone afisa mifugo, mimi wangu ni wa miguu miwili. Kijana avae glovu na anawe mikono na sabuni akitoka bandani.

Binti wa UDOM

Samahani dokta, kwangu ni mgongoni na kifuani, madoa madoa meupe, hayawashi sana. Roommate anasema ni mba, mwingine anasema utangotango. Yanaambukiza? Tunachangia taulo wakati mwingine.

Bi Tabibu

Jina lolote watakalokupa, fanya hivi: kwangua doa moja taratibu kwa ukucha. Likitoa unga laini, ni fangasi wa aina nyingine kabisa na wa Fundi. Huyu anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, wewe, mimi na mwalimu wako. Kukiwa na joto, jasho na mafuta mazito ya kupaka anaongezeka na kuharibu rangi ya ngozi. Haambukizi kwa maana ya kumpata kwa mtu, ila taulo bado msichangie, mna umri gani nyie?

Usihangaike na vidonge. Chukua shampuu ya ketokonazoli au ya seleniamu, paka kifuani na mgongoni mpaka mikononi, iache dakika tano hadi kumi, suuza. Rudia kila siku kwa siku chache, kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Unga utaisha upesi, lakini madoa yatabaki meupe hata miezi. Hapo ndipo wasichana wengi wanapoingia kwenye krimu za kung'arisha ili ngozi ifanane. Fangasi alishakufa, rangi tu ndiyo inachelewa kurudi. Subiri.

Jirani wa Chang'ombe

Mama, mimi nimekwangua langu hapa, halina unga. Ni moja tu, mkononi juu ya kiwiko, rangi imefifia, haliwashi hata kidogo. Nilipaka klotrimazoli tupu mwezi mzima na zaidi. Halijabadilika.

Bi Tabibu

Wewe nisikilize vizuri kuliko wote humu, na usitishike.

Chukua pamba, isokote ncha iwe nyembamba. Funga macho. Mtu akuguse kwa pamba hiyo mara kwenye doa, mara pembeni kwenye ngozi nzima, bila mpangilio, wewe uonyeshe kwa kidole ulipoguswa. Kama kwenye doa husikii, au unasikia kwa mbali, hilo si fangasi mpaka lithibitishwe vinginevyo. Doa lililofifia, lisilowasha, lisilo na hisia, tunalichunguza kwa ukoma. Hata kama umesikia vizuri, kwa kuwa halikusikia dawa, nenda tu.

Najua neno lenyewe linavyowafanya watu wa Dodoma wafikirie Hombolo ya zamani, kambi ya wagonjwa wa ukoma. Achana na hayo. Dawa ni za bure, zimepangwa kwenye pakiti, unameza nyumbani kwako: miezi sita kama mabaka ni machache, miezi kumi na miwili kama ni mengi. Ukishaanza kumeza, muda mfupi tu huambukizi mtu. Kinacholeta ulemavu ni kuchelewa huku mishipa ya fahamu ikiharibika, na wanaochelewa ni hao hao wanaopaka dawa ya fangasi mwaka mzima.

Huhitaji rufaa. Kila halmashauri ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma, na kituo chochote cha afya cha serikali wanajua pa kumpata. Ukifika dirishani huna haja ya kutangaza mbele ya foleni, sema unamtafuta mratibu wa TB na ukoma, inatosha. Waambie wakushike na nyuma ya kiwiko waone kama mshipa wa fahamu umenenepa.

Jirani wa Chang'ombe

Mdogo wangu ndiye amenigusa. Pembeni nimeonyesha zote. Kwenye doa nimekosa mbili. Kesho naenda.

Bi Tabibu

Nenda asubuhi, kabla ya saa tatu, waratibu wakishatoka kwenda vijijini huwapati. Na mdogo wako naye akaguliwe mwili mzima, pamoja na wote mnaoishi nyumba moja.